Utengamao wa moyo kwa simu na mtandao wakati wa janga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tarehe 23 Machi 2020 serikali ya Uingereza iliwaamuru watu wabaki majumbani. Siku chache tu baadaye kumbi ambamo waliopata shambulio la moyo walikuwa wakikutana kufanya mazoezi zilikuwa zimefungwa, na wauguzi wengi wa huduma hiyo ya kuwarudishia nguvu, yaani utengamao wa moyo, walikuwa wamehamishiwa kwenye wodi za korona. Mashambulio ya moyo hayakusimama kungoja. Waliobaki kwenye timu wakashika simu, barua pepe na video, wakaanza kuwahudumia wagonjwa wakiwa sebuleni kwao.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia niliyefanya kazi hiyo Uingereza. Majibu haya nawaandikia wagonjwa, ndugu wanaowauguza, na wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki wanaofikiria kuanzisha huduma kama hii. Ushauri wa hapa ni wa jumla. Aliyekupima mwenyewe ndiye mwenye neno la mwisho juu ya moyo wako.

Utengamao wa moyo ni nini? Si mazoezi tu?

Mazoezi yamo, lakini ni sehemu moja. Mtu aliyepata shambulio la moyo, akazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha kuuacha mshipa wazi, hurudi nyumbani baada ya siku chache akiwa na mfuko wa dawa asizozizoea na swali moja kichwani: nikinyanyua ndoo ya maji, nitakufa? Utengamao ni kazi ya wiki kadhaa ya kumtoa hapo. Muuguzi hupitia dawa zake, presha, sukari na lehemu (kolesteroli). Mtaalamu wa viungo humpima uwezo wake na kumpangia mazoezi. Mtaalamu wa lishe huzungumza naye kuhusu chakula anachokula kweli, si kile kilichochorwa kwenye bango la kliniki. Mvutaji husaidiwa kuacha sigara. Na lazima awepo mtu wa kumuuliza usiku unapitaje.

Ndiyo maana nasisitiza tangu mwanzo: kumtumia mgonjwa video ya mazoezi na kumtakia afya njema si utengamao. Kazi inafanywa na mambo matatu: kupimwa, kupangiwa kiwango chako mwenyewe, na kuwa na mtu anayekupigia wiki hii akikumbuka ulichomwambia wiki iliyopita. Hayo matatu yakipita kwenye simu, huduma imepita. Yasipopita, picha iwe safi namna gani, mgonjwa ameachwa peke yake.

Kwa nini isingesubiriwa janga liishe?

Kwa sababu wiki za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa. Miongozo ya Uingereza inataka utengamao uanze ndani ya siku 10 tangu mgonjwa aruhusiwe hospitali. Ni kipindi ambacho mtu huamua, mara nyingi bila kumwambia yeyote, kama ataendelea na dawa, kama atatoka nje ya mlango, kama atarudi kazini. Ukimwacha miezi sita akiwa na hofu, utamkuta ameshajifunza kukaa kitini.

Tena mwaka 2020 watu waliiogopa hospitali yenyewe. Uingereza, wastani wa waliolazwa kwa shambulio la moyo na matatizo ya jamii yake mwaka 2019 ulikuwa kama watu 3,000 kwa wiki. Mwishoni mwa Machi 2020 walikuwa kama 1,800. Mioyo haikuwa imepona ghafla. Watu walikaa na maumivu ya kifua nyumbani wakihofia korona, na waliofika walifika wamechelewa. Kila simu tuliyopiga ilikuwa nafasi ya kurudia maneno hayohayo: kifua kikibana, hospitali iko wazi, piga simu ya dharura.

Afrika Mashariki hali ilikuwa na sura yake. Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi tangu tarehe 6 Aprili 2020, na siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale. Zuio la Kilifi na Kwale liliondolewa Juni, la Nairobi na Mombasa Julai. Mgonjwa wa Kwale mwenye miadi ya moyo Nairobi alikuwa na simu tu. Na hata pasipo zuio lolote, aliyetibiwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na kurudi Kigoma ana zaidi ya kilomita 1,000 kati yake na aliyemtibu. Kwa mtu huyo umbali haukuanza na korona, wala haukuisha nayo.

Kuna ushahidi, au ilikuwa kubahatisha kwa sababu ya dharura?

Ushahidi ulikuwepo zamani. Mapitio ya Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za afya, yaliyotolewa 2021 yalikusanya majaribio 85 yenye washiriki zaidi ya 23,000 na kuonyesha kwamba utengamao wenye mazoezi hupunguza vifo vinavyotokana na moyo, mashambulio mengine na kulazwa tena. Mapitio mengine ya Cochrane yaliweka wanaofanyia nyumbani upande mmoja na wanaofanyia kituoni upande wa pili, na hayakuona tofauti ya maana kati yao katika vifo, uwezo wa kufanya mazoezi wala ubora wa maisha.

Wala wazo lenyewe halikuzaliwa na intaneti. Edinburgh, Scotland, walitengeneza mpango wa nyumbani wa wiki 6, wenye kitabu, kanda za sauti na mhudumu wa kumfuatilia mgonjwa kwa simu au kwa kumtembelea. Matokeo ya jaribio lake yalichapishwa 1992: waliopewa mpango huo walikuwa na wasiwasi na huzuni kidogo kuliko wenzao, na walirudishwa hospitali mara chache zaidi katika miezi ya mwanzo. Kanda za sauti na simu ya mezani! Nalikumbuka jaribio hilo kila ninapoambiwa kwamba kwetu haiwezekani kwa kuwa mtandao ni mbovu.

Tahadhari moja: wengi walioingia kwenye majaribio ya nyumbani walikuwa wenye hatari ndogo au ya wastani. Ushahidi huo usitumike kumpeleka sebuleni mtu ambaye moyo wake umedhoofika sana.

Mnampimaje mtu ambaye hamwezi kumgusa?

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Hospitalini tungemtembeza kuzunguka koni mbili kwenye njia ya mita 10 huku mlio ukiongeza kasi, au tungepima umbali anaotembea kwa dakika 6 kwenye ukumbi mrefu. Nyumba nyingi hazina nafasi hiyo, iwe Tandale ya Dar es Salaam au Leicester ya Uingereza.

Kwa hiyo tulianza na mazungumzo marefu, na sijutii urefu wake. Shambulio lilikuwa la namna gani? Mishipa mingapi imezibuliwa, na ipo iliyoachwa? Kipimo cha eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kinasema moyo unasukuma damu kwa asilimia ngapi? Umewahi kuzimia? Miguu inavimba? Ukipanda ngazi, nini kinakusimamisha: kifua, pumzi, au goti? Swali la goti huwashangaza watu, lakini wengi huacha mazoezi kwa sababu ya goti wala si moyo.

Kisha kipimo chepesi. Maarufu zaidi ni kiti: unakaa na kusimama bila kujisukuma kwa mikono, na unahesabiwa umesimama mara ngapi kwa sekunde 30 au dakika moja. Kiti kiegemee ukuta ili kisiteleze. Njia nyingine ni kupiga hatua mahali ulipo kwa dakika 2 ukiinua magoti. Hesabu yako ya leo inalinganishwa na yako ya wiki ya nane. Ya jirani haikuhusu.

Presha unapima mwenyewe ukiwa na mashine ya mkononi. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee. Pima mara mbili, uandike zote mbili. Watu hupenda kutuambia ile nzuri tu. Kama huna mashine, duka la dawa au zahanati iliyo karibu itakupimia.

Kipindi chenyewe kinakwendaje?

Mtaalamu anafungua simu ya video kabla ya muda na kumwita kila mmoja kwa jina. Anauliza: leo unajisikiaje, umemeza dawa, kuna maumivu mapya, dawa ya kunyunyiza chini ya ulimi, ile ya kutuliza kifua kikibana, iko wapi? Akijibiwa iko chumbani, mgonjwa anaombwa aende akailete. Anathibitisha pia uko wapi leo, kwa anwani au alama inayojulikana, kwa sababu mtu anaweza kuwa amekwenda kwa binti yake, na gari la wagonjwa likatumwa kwenye nyumba tupu. Aliye peke yake nyumbani hutaja jirani mwenye ufunguo.

Simu inawekwa mbali kiasi cha kukuonyesha kutoka kichwa hadi miguu. Mkeka unakunjwa, watoto wanaondolewa njiani, raba zinavaliwa. Kandambili hapana.

Kupasha mwili ni dakika 15. Wengi huona ni kupoteza muda, hasa wanaume waliozoea kucheza mpira, lakini mishipa ya moyo iliyougua inahitaji muda huo kutanuka kabla ya kazi. Halafu dakika 20 hadi 30 za kazi yenyewe: kupiga hatua mahali, kukaa na kusimama, kusukuma ukuta kwa mikono, kunyanyua chupa za maji za nusu lita. Mwisho dakika 10 za kupoza, taratibu. Hizi za mwisho usizikimbie. Ukisimama ghafla baada ya kazi, damu hubaki miguuni, presha hushuka, kichwa kinazunguka, na mapigo yanaweza kuvurugika. Kwa sababu hiyohiyo mtaalamu hakati simu mazoezi yakiisha. Anabaki kuzungumza na watu huku akiwatazama nyuso.

Kundi liwe dogo, kiasi cha kuwaona wote kwenye kioo kimoja, na inafaa sana awepo mhudumu wa pili ambaye kazi yake ni kutazama tu. Anayeongoza mazoezi hawezi pia kuona kwamba mzee wa pembeni ameshika kifua.

Dar es Salaam au Mombasa fanya alfajiri au jua likishapoa, usifanye mara tu baada ya kula, na fungua madirisha.

Nikibanwa na kifua katikati ya mazoezi, nifanye nini?

Acha papo hapo na ukae. Sema kwa sauti, usione haya mbele ya wenzako. Nyunyiza dawa chini ya ulimi kama ulivyoelekezwa. Baada ya dakika 5, kama maumivu yapo, nyunyiza tena. Dakika 5 nyingine zikipita bado yapo, piga simu ya dharura: Uingereza 999, Kenya 999 au 112, Tanzania 112. Huna dawa hiyo, au maumivu ni makali, yanapanda mkononi au taya, unatoka jasho jembamba au pumzi inakata? Usihesabu dakika zozote, piga sasa hivi. Mahali ambapo gari la wagonjwa halifiki, aliye nawe atafute usafiri hadi hospitali iliyo karibu, wewe usiendeshe.

Mtaalamu aliye upande wa pili haondoki kwenye simu. Mwenzake anapiga dharura, naye anabaki kuzungumza nawe.

Saa yangu ya mkononi inaonyesha mapigo hayapandi. Niongeze kasi?

Usiongeze. Wengi waliopata shambulio la moyo hupewa dawa za jamii ya bisoprolol au atenolol, ambazo kazi yake ni kuyazuia mapigo. Ukifukuzia namba uliyosoma mahali fulani utajiumiza, kwa sababu namba hiyo ni ya mtu asiyemeza dawa hizo.

Tumia pumzi yako. Ukiweza kuzungumza sentensi kamili lakini huwezi kuimba, upo mahali pazuri. Wataalamu wana kipimo cha juhudi kilichobuniwa na Gunnar Borg wa Sweden, kinachoanzia 6, ambapo umetulia tuli, hadi 20, ambapo huwezi kuendelea. Wengi wa wagonjwa wetu tunawataka wabaki kati ya 11 na 14. Inachukua muda kujifunza kujisikiliza hivyo. Lakini aliyejifunza hahitaji saa, na anaweza kutumia kipimo hicho shambani, sokoni na kwenye ngazi za ofisi.

Sina simu janja, na bando linaisha kabla ya wiki.

Simu ya kitochi inatosha kwa sehemu kubwa ya huduma. Nasema hivi bila kupunguza neno. Kupitia dawa, kuuliza dalili, kupanga kutembea kwa wiki hii, kuzungumza juu ya hofu: yote hayo yanafanyika kwa sauti. Anayepigiwa simu kila wiki na kuwa na karatasi yenye michoro ya mazoezi yuko mbali mbele ya mwenye simu ya bei ghali asiyefuatiliwa na mtu. Hospitali ndiyo ipige, mgonjwa asiunguze salio lake.

Kutembea hakuhitaji kifaa. Anza na dakika unazoziweza bila shida, hata kama ni 5, mara mbili kwa siku, kwenye tambarare. Ongeza dakika moja au mbili kila baada ya siku kadhaa.

Lakini tusijifiche. Huduma ya mtandao iliwaacha watu nje, na hawakuwa watu wowote tu: wazee, maskini, wasiojua lugha ya nchi, wanaoishi chumba kimoja na watu sita. Kinamama walikuwa tayari wakihudhuria kwa uchache hata kabla ya janga. Nyumbani baadhi yao walipata nafuu ya kutosafiri, ila wengine waliondolewa kwenye kipindi na mtoto anayelia au mume anayetaka chakula. Timu nzuri iliwauliza saa gani nyumba inatulia, ikapiga saa hiyo.

Mama yangu yuko Uingereza na hajui Kiingereza vizuri. Nimtafsirie mimi?

Msaidie kuwasha simu, kaa karibu, lakini omba mkalimani. Huduma ya afya ya Uingereza ina wajibu wa kumpatia, naye anaweza kuunganishwa kwenye simu hiyohiyo. Mtoto anapotafsiri, mzazi huficha. Hatasema mbele ya mwanawe kwamba anaogopa kulala, wala mwanawe hatamgeuzia mama yake maneno ya daktari yanayotisha. Atayalainisha, kwa upendo, na mama atabaki hajui. Nimesikia kimya hicho kwenye simu nyingi.

Na mimi niko Ulaya, baba yuko Tanga. Naweza kusimamia mazoezi yake kwa video?

Unaweza kuwa mshirika wake, usiwe mpimaji wake. Apimwe kwanza na daktari aliye karibu naye, mazoezi yaidhinishwe, ndipo wewe umpigie saa mliyokubaliana na kufanya naye. Wazee wengi hufanya kwa ajili ya mjukuu jambo wasilolifanya kwa ajili ya daktari. Akisema, “Mwanangu, leo sijisikii,” usimbembeleze aendelee. Muulize kuna nini.

Tangu nitoke hospitali sina raha, nalia ovyo. Ni moyo?

Ni sehemu ya ugonjwa, na inatibika. Huzuni na wasiwasi baada ya shambulio la moyo ni jambo la kawaida sana. Vikiachwa, mtu huacha dawa, haendi matembezi, hali vizuri, na moyo wenyewe unapata hasara. Wakati wa korona mambo yalizidi: mgonjwa alilazwa bila kutembelewa, akarudi nyumba ambayo majirani hawakuruhusiwa kuingia. Wapo waliofiwa wakazika kupitia kioo cha simu.

Kwa hiyo kila timu iliyofanya kazi sawasawa iliuliza moja kwa moja, mara kadhaa, ikitumia dodoso la hali ya moyoni na ya akili, na ikaacha nafasi ya ukimya. Wanaume wa kwetu husema “niko sawa tu” kwa swali la kwanza. Ukisubiri kidogo, la pili hujibiwa. Kama una mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo hii, usingoje kipindi kijacho.

Swali la aibu kidogo: tendo la ndoa?

Halina aibu, na kwenye kundi la video hakuna anayeliuliza, ndiyo maana mhudumu alilete mwenyewe kwenye simu ya faragha. Aliyepona bila matatizo kwa kawaida anaweza kurudi baada ya wiki 4 hivi. Ukipanda ghorofa mbili kwa haraka bila kifua kubana wala pumzi kukatika, moyo wako unaiweza kazi hiyo. Onyo moja lisilorukwa: dawa za nguvu za kiume kama sildenafili na tadalafili hazichanganywi kamwe na dawa ya kunyunyiza chini ya ulimi. Presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Na kama umezimeza kisha kifua kikabana, waambie wahudumu wa dharura ukweli.

Chakula je? Mtaalamu wa lishe ataniona vipi?

Hapa mtandao uliishinda hospitali. Hospitalini mgonjwa hueleza anachokula. Kwenye video huonyesha. Kabati linafunguliwa, chupa ya mafuta inaonekana ukubwa wake, mchemraba wa kiungo unasomwa nyuma ya karatasi, na mke anayepika yuko papo hapo, maana mara nyingi yeye ndiye tunayepaswa kuzungumza naye.

Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, tukihesabu na ile iliyomo kwenye mkate na viungo vya dukani. Tui zito lina mafuta mengi ya aina isiyoufaa moyo, kwa hiyo wali wa nazi uwe wa siku maalumu, au utumie tui jepesi. Maharage, kunde, mchicha, sukuma wiki, dagaa, samaki wa kuchoma, matunda: haya yako mezani kwetu tangu zamani, wala hayahitaji duka kubwa. Chapati zinazomeza mafuta na mandazi ya kila asubuhi ndivyo vya kupunguza. Ugali ule, kiasi kipungue, mboga iongezeke.

Naweza kufunga Ramadhani?

Muulize daktari wako kabla ya mwezi kuandama, si siku yenyewe. Mtu aliye ndani ya wiki 6 tangu apate shambulio la moyo huhesabiwa yuko kwenye hatari kubwa na hushauriwa asifunge. Dini imempa mgonjwa ruhusa. Mwaka 2020 Ramadhani ilianza mwishoni mwa Aprili, misikiti ya Uingereza ikiwa imefungwa, na wagonjwa wengi walitaka angalau wafunge. Tulichowaomba kwanza ni dawa: wasihamishe saa za kumeza bila kuuliza. Aliyeruhusiwa kufunga afanye mazoezi mepesi baada ya futari ikishashuka.

Nimepata korona baada ya shambulio la moyo. Nianze lini tena?

Ukiwa na homa au kikohozi kipya, hakuna mazoezi kabisa. Subiri angalau siku 7 kamili zisizo na dalili, kisha rudi chini kabisa ya pale ulipokuwa, kutembea polepole tu kwa wiki 2 za mwanzo. Korona inaweza kuuwasha msuli wa moyo, kwa hiyo mapigo yanayokwenda ovyo, kifua kuuma au kuzimia ni sababu ya kupimwa, si ya kuvumilia.

Naweza kuacha dawa zile mbili za kuzuia damu kuganda? Zinanitoa michubuko.

Usiache, hata siku moja, bila daktari wa moyo kusema. Aspirini na mwenzake, klopidogreli au tikagrelo, hulinda stenti isizibe, na kwa kawaida huendelea pamoja kwa mwaka mmoja. Dawa zikikaribia kwisha na huwezi kutoka nje, piga simu mapema.

Kundi letu la WhatsApp linatumiana mengi. Kuna ubaya?

Kundi ni zuri, kwa sababu kitu kikubwa kilichopotea kwenye mtandao ni soga la baada ya mazoezi, pale mtu anapomwona mwenzake wa mwaka jana akicheka na kujiambia, kumbe mambo huwa hivi. Lakini liwe na mhudumu ndani yake wa kusahihisha, maana habari za tangawizi na limau zinazozibua mishipa husambaa haraka kuliko tunavyozijibu. Na majibu ya vipimo, picha za cheti na majina ya dawa yasipite humo. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Taarifa za afya yako zinalindwa na sheria hizo.

Nani hapaswi kufanya nyumbani?

Mwenye maumivu ya kifua akiwa amekaa, au yanayozidi siku hadi siku. Mwenye presha ambayo namba yake ya juu inazidi 180 akiwa ametulia. Mwenye mapigo yanayokwenda ovyo bila tiba, aliyezimia karibuni, mwenye vali ya moyo iliyobana, ambaye miguu inavimba na hawezi kulala bila mito mitatu, au mwenye sukari inayopanda na kushuka ovyo. Hao waonwe ana kwa ana, janga au hakuna janga.

Sisi ni hospitali ya mkoa, hatuna studio wala programu maalumu. Tuanzie wapi?

Anzeni na daftari na simu moja ya ofisi. Muuguzi aandike jina la kila anayeruhusiwa baada ya shambulio la moyo, namba yake na ya ndugu, na ampigie kabla siku 10 hazijaisha. Mchague maswali yenu ya kila simu, yaandikwe ukutani. Mpeni mgonjwa karatasi ya Kiswahili yenye michoro kabla hajatoka wodini, na mfanye naye kipimo cha kiti siku hiyohiyo akiwa bado mikononi mwenu. Mtakuwa na namba ya kuanzia. Tengeni saa za kazi hii kwenye ratiba, kwa sababu muuguzi anayeambiwa apige “akipata nafasi” hatapata nafasi. Video ije baadaye, kwa wanaoiweza.

Niandae nini kabla ya simu ya kwanza?

Karatasi ya kuruhusiwa hospitali, hata kama huielewi. Dawa zote, kwenye vifungashio vyake, zikiwemo za mitishamba. Vipimo viwili vitatu vya presha kama unavyo. Kiti kigumu kisicho na magurudumu. Jina na namba ya mtu anayeweza kukufikia kwa dakika chache. Na maswali yako yaandike, likiwemo lile unaloona ni la kijinga. Anza na hilo.